Kupaki Basi Si Woga

Agosti 10, 2025, CHAN, Kasarani. Ryan Ogam anafunga dakika ya 42. Kabla ya mapumziko Chrispine Erambo anakula kadi nyekundu. Kipindi chote cha pili, Wakenya kumi wanaizuia Morocco, waliokuja kuchukua kombe. 1-0.

Mitaani Nakuru bado utasikia: ati kupaki basi ni woga. Zii. Mwoga hukimbia, hawa walisimama. Mwenye kidogo halazimiki kucheza mchezo wa mwenye vingi.

Kinachonisumbua ni kingine. Kiungo anaziba nafasi, straika anabaki mbele peke yake kuwazuia mabeki wasipande, na hakuna anayewaimba. Tunamkumbuka mfungaji. Je, ni haki kumdai mtu ajitolee, kisha tumsahau?