Usilimwage Tope Hilo, Mwanangu

Mwanangu, kaa kidogo. Najua una haraka. Hata mimi nilikuwa nayo.

Nilipokuwa mwanafunzi Uingereza, tulichimba mabaki ya mji wa kale. Siku moja nilikabidhiwa ndoo ya tope jeusi, linanuka kama choo cha shimo. Mimi nilitaka sarafu. Nililipapasa, sikupata kitu, nikalimwaga. Msimamizi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Umelichekecha?" Nikanyamaza.

Kesho yake alinionyesha kazi yenyewe. Tope huloekwa, huchekechwa kwa chekeche laini sana, kisha makapi yake huchanganywa na mafuta ya taa. Ndiyo, mafuta yaleyale ya kibatari cha bibi yako. Yanashika kwenye magamba ya wadudu, na ukimimina maji baridi, magamba yanaelea. Udongo uliolowa, usiopata hewa, huyatunza karne nyingi.

Kwenye hadubini nikaona kichwa kidogo chenye mdomo mrefu kama mkonga. Nikakumbuka kihenge cha mama na ule ungaunga uliokuwa ukidondoka chini yake. Fukusi! Si huyu wetu wa mahindi, ila ni ndugu yake. Wetu huruka. Yule hawezi kuruka, basi alifika Uingereza kwa kubebwa ndani ya nafaka za Warumi, walioivamia nchi hiyo mwaka 43. Mjini York, mtaa wa Coney Street, ghala lao la mbao liliingiwa na wadudu hao kwa wingi wa kutisha. Likabomolewa, pakafunikwa kwa udongo mzito wa mfinyanzi, likajengwa jingine juu yake. Habari hiyo tumepewa na magamba.

Mji huohuo, pale Coppergate, tabaka za Waviking, waliokuja baada ya Warumi, zilichimbwa kati ya 1976 na 1981. Chawa na viroboto walikuwamo. Fukusi wa nafaka hawakuonekana. Hapo tulia, mwanangu, ufikiri: watu walikula nafaka, lakini pengine hawakuirundika kwenye maghala makubwa. Neno hilo huwezi kulisema kama hukuchekecha.

Ndoo yangu ilitoka sakafuni mwa nyumba ya mtu. Pengine walijikuna usiku kucha. Pengine nafaka yao ilikuwa inaliwa. Sakafu ile tuliimaliza juma lilelile, na leo pale pamesimama jengo.