Presha ya mfanyakazi: namba ni ya nani?

Ndugu zangu katika imani, baadhi yetu karo zetu hutoka kwa jamaa wanaofanya kazi katika hoteli za Kampala, Entebbe na Jinja: wapishi, wahudumu, wasafisha vyumba. Presha haiumi. Mtu anaweza kuishi na 160/100 miaka mingi akijiona mzima, hadi kiharusi kimwangushe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kuwa wanayo. Basi kuwapima palepale kazini ni kheri. Anayeona ni upungufu wa tawakkul arejee kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) na tauni ya Sham: aliurudisha msafara, na Abu Ubayda alipomhoji, alijibu kuwa anaikimbia qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah.

Ugumu uko kwingine. Je, meneja aliyenunua mashine ana haki ya kuiona namba? Wapo wanaosema: mbona mpishi hupimwa homa ya matumbo na mwajiri huonyeshwa cheti? Qiyas hii haisimami, kwa sababu illa haipo. Homa ya matumbo humfikia mgeni kupitia sahani; presha ya mpishi haimfikii. Kinachobaki ni hamu ya kujua nani atakuwa mzigo mwakani, na hiyo naiona karibu mno na tajassus iliyokatazwa katika Surat al-Hujurat.

Mhudumu mwenye mkataba wa miezi mitatu akijua namba yake itafika ofisini, siku ya kupimwa ataomba ruhusa. Tumwambie amepuuza amana ya mwili wake? Mimi ningeanza na meneja. Kuujua ugonjwa kumetiwa bei, na aliyeipanga bei si mgonjwa.

Dereva wa hoteli ana hukumu yake, maana amebeba roho za watu. Hata kwake, daktari anaweza kuandika "anafaa" au "apumzike" bila kutaja namba.

Apimaye awe muuguzi wa kutoka nje, na kadi abaki nayo mfanyakazi. Akikutwa na 140/90 au zaidi, apimwe tena siku nyingine, kwani aliyetoka kupanda ngazi na trei hata presha yake hupanda. Kisha apewe nafasi ya kwenda kliniki bila kukatwa mshahara. Hotel iliyoweza kununua mashine haishindwi na hilo.