Mji ni Mali ya Nani?

Mtu asafiriye kutoka Nairobi kwenda Namanga hupita Kitengela, kisha Isinya, kisha Kajiado. Njiani huona majengo mapya yakiinuka kando ya barabara, na uwanda uliokuwa malisho ukigawanywa kwa nyua za waya. Msomaji, ikiwa wewe ni mwenyeji wa hapa, pengine wadhani kuwa habari za miji ya kale hazikuhusu, maana mji wetu ungali mchanga. Lakini kila mji mkongwe ulikuwa mchanga siku moja, na kila mji mchanga utazeeka. Basi yafaa tuulize mapema: mji ni mali ya nani? Ni wa mwenye hati ya kiwanja, wa mwenye fedha za kuutengeneza, au wa wale wakaao ndani yake?

Twende Unguja, ambako swali hili limeulizwa kwa uchungu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa katika karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Nyumba ya namna hiyo ni imara, lakini ina adui mmoja, naye ni maji. Paa likivuja, boriti huoza. Boriti ikioza, dari huanguka. Na dari ikianguka, kuta hukosa kitu cha kuzishika. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba nyingi zikatwaliwa na serikali. Wakaingizwa watu wa hali ya chini, mara nyingi jamaa kadhaa katika nyumba moja, kwa kodi ndogo. Hilo lilikuwa jambo la huruma, kwani waliokosa makao walipata makao. Lakini kodi ile haikutosha kuziba paa. Mvua haina huruma, na nyumba nyingi zikabomoka.

Mwaka 1985 serikali iliunda mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji huo. Wakaja pia wasaidizi wasiotafuta faida. Shirika la Aga Khan la utamaduni lilisaidia kutunga mpango wa hifadhi wa 1994, likalitengeneza jengo la zahanati ya kale lililo karibu na bandari, kisha likaitengeneza upya bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa tena mwaka 2009. Wala wazo la mali isiyotafuta faida si geni katika pwani yetu. Tangu zamani, mtu aliweza kuifanya nyumba yake wakfu, isiuzwe wala isirithiwe, ili kodi yake itunze msikiti au iwasitiri maskini.

Mwaka 2000 UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Sifa ilienea, watalii wakaongezeka, na nyumba nyingi zikageuzwa hoteli na maduka ya kuuzia wageni. Hapa ndipo penye ubishi.

Mmoja husema: mwenye hoteli asilaumiwe, kwani ameziba paa lililowashinda wengine, nyumba iliyosimama ni bora kuliko kifusi. Mwingine husema: nyumba imesimama, lakini walioishi ndani yake wako wapi? Mji usio na mtoto wa kuchezea uchochoroni wala jirani wa kuazima chumvi si mji, bali ni maonyesho.

Mimi naona kila mmoja ameshika upande mmoja wa ukweli. Huyu wa pili asisahau kuwa mapenzi peke yake hayashiki ukuta. Beit al Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na kupendwa na kila mtu, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, wakati lilipokuwa likitengenezwa, na watu wawili wakafa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naye wa kwanza akumbuke mithali isemayo, mgeni njoo mwenyeji apone. Haikusemwa mwenyeji ahame.

Kwa hiyo, kazi ya kuufufua mji ipimwe kwa swali moja: ikiisha, ni nani amebaki? Jioni pale Forodhani wauzaji wa vyakula huwasha taa zao, watoto wa mjini hujitupa baharini, na mgeni huketi ukutani pamoja na mwenyeji. Kwa kipimo hiki, kazi ile ilikuwa njema. Lakini mwenyeji naye ana deni. Akaaye katika nyumba kwa kodi ndogo, akaona tone la kwanza likidondoka, akanyamaza kwa kuwa nyumba si yake, amejiondolea mwenyewe haki ya kusema mji ni wake.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Kajiado wazee wetu walishika ardhi pamoja katika ranchi za vikundi zilizowekwa kwa sheria ya 1968. Baadaye nyingi ziligawanywa, kila mtu akapata hati yake, na wengi wakauza. Sisemi kwamba mtu asiuze kilicho chake. Ada za shule na dawa za mgonjwa hazingoji. Nasema kwamba mji ambao kila hatua yake ina bei hautakuwa na mahali pa mzee kupumzika, pa mama kuuzia maziwa, wala pa kijana kucheza. Watu wa Unguja wanahangaika kuokoa walichoachiwa na waliowatangulia. Sisi wa Isinya bado tuna nafasi ya kuchagua tutakachowaachia watakaotufuata. Nawe msomaji, ambaye kesho utakuwa mwenye hati, au mpangaji, au diwani, utapigania kiwanja gani kisiuzwe?