WAZO LA LEO: Sauti ya Miaka 81

Mwaka 2016 Shirley Collins, mwimbaji wa nyimbo za jadi za Uingereza, alitoa albamu ya Lodestar akiwa na miaka 81. Iliyoitangulia ilikuwa ya 1978. Miaka hiyo ndoa yake ilivunjika, akawa anasimama jukwaani na sauti haitoki. Mwishowe akaacha kuimba.

Albamu ya kurudi aliirekodi nyumbani kwake, mjini Lewes, kwa kuwa aliona haya kuimba studio. Sauti ya ubinti haipo. Iliyopo ni nzito, ya chini, haina haraka. Kwangu mimi hii ndiyo bora: nyimbo zenyewe ni za mauaji na misiba, na sauti nyororo huziremba kupita kiasi. (Bi Kidude wetu, mkongwe wa taarab, nani alimdai sauti ya msichana?) Shabiki anayetaka msanii arudi “vilevile kama zamani” nina wasiwasi anautafuta ujana wake mwenyewe.

Wengine walidhani Lodestar ni kuaga. Collins akatoa Heart's Ease mwaka 2020, kisha Archangel Hill mwaka 2023.