Kiti cha Shabiki



Mvua ya Aprili ikishika hapa Sugoi, kila mtu huteleza. Huteleza mama aliyebeba mtungi, huteleza kijana wa bodaboda, huteleza mzee wa kanisa aliyevaa viatu vyake vya Jumapili. Udongo wetu ukilowa haumheshimu mtu. Wahenga walituambia kuteleza si kuanguka, na watoto wetu wanalijua hilo kabla ya mwalimu kuwafunza methali yoyote, maana wakitoka shule huteleza kwa makusudi pale kwenye mteremko, sare zikachafuka na vicheko vikasikika mpaka ng'ambo ya mto.

Barafu, kwa upande mwingine, tunaijua kwa uchungu. Huja na mvua ya mawe, ikachana majani ya mahindi kwa dakika chache na kulaza chini kazi ya miezi. Kwa hiyo huenda ukashangaa nikikuambia kwamba mimi ni shabiki wa mchezo wa kuteleza kwenye barafu, ule wa kucheza kwa madaha, muziki ukipigwa. Naupenda kwa moyo wote. Leo ngoja nikusimulie ulivyonifikia, na kile ulichonifanyia usiku mmoja.

Ulinifikia kupitia kwa mwana wa nyumbani. Philip Boit, mzaliwa wa huku kwetu Eldoret, alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kabla ya kwenda Finland mwaka 1996 kujifunza mbio za kuteleza kwenye theluji. Februari 1998 alisimama Nagano, Japani, akiwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Mbio zake zilikuwa za kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na ushei. Boit alifika wa 92, wa mwisho kabisa, kwa dakika 47 na ushei. Hesabu mwenyewe: ni dakika 20 katikati yao. Sherehe ya medali ilikuwa ikimngoja Dæhlie, lakini hakwenda. Alibaki pale kwenye mstari akimsubiri mtu wa mwisho, na Boit alipofika hoi, bingwa akamkumbatia. Baadaye Boit alipopata mtoto wa kiume alimpa jina la Dæhlie.

Kisa hicho nilikuwa nimekisikia kwa miaka. Siku moja binti yangu, ambaye ni muuguzi kule Minnesota, Marekani, alikuja likizo akanionyesha picha za Boit kwenye simu. Tulikuwa tumeketi jikoni, chai ikichemka. Picha za Boit zilipokwisha, zikafuata nyingine za Nagano ileile, za siku chache baadaye: msichana mweusi amevaa buluu, peke yake katikati ya barafu nyeupe. Aliruka kinyumenyume, miguu ikapita juu ya kichwa, akatua kwa mguu mmoja.

Huyo alikuwa Surya Bonaly wa Ufaransa. Mruko ule ulikuwa umepigwa marufuku mashindanoni tangu miaka ya 1970, naye alijua utamgharimu alama. Alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano na wa pili duniani mara tatu, lakini siku hiyo mwili wake ulikuwa na maumivu, na dhahabu ilikuwa imeshamponyoka. Akawapa watazamaji kile alichoweza yeye. Alimaliza wa kumi. Baada ya hapo aliacha mashindano akaingia katika maonyesho ya wachezaji wa kulipwa, na huko mruko uleule uliokatazwa ukawa ndio watu waliokuwa wakiulipia tiketi. Ilipofika mwaka 2024, shirikisho la mchezo huo likaondoa marufuku. Nilipopata habari hiyo nilimpigia binti yangu simu kana kwamba ndugu yetu ameachiliwa kutoka kifungoni.

Basi nilipokwenda kumtembelea, zawadi aliyonipa ilikuwa tiketi mbili za onyesho.

Onyesho si mashindano, mpendwa, na tofauti yake ndiyo iliyonishika. Kwenye mashindano taa zote huwaka, na pembeni huketi waamuzi wanaopima kila kuruka na kila kutua. Kwenye onyesho taa huzimwa. Hubaki mwanga mmoja unaomfuata mchezaji kama mtu amfuatavyo ampendaye kwa macho. Hakuna anayeandika alama. Wengi wa wanaocheza walishapata medali zao, au walishazikosa, na sasa wanacheza kwa kuwa wanaupenda mchezo na kwa kuwa sisi tumekuja. Scott Hamilton, Mmarekani aliyepata dhahabu mwaka 1984 kule Sarajevo, alianzisha maonyesho yake ya Stars on Ice mwaka 1986. Mwaka 1997 aliugua saratani, akatibiwa, na mwaka huohuo akarudi kwenye barafu. Unadhani waliomsimamia na kumpigia makofi siku ile walikuwa wakikagua alivyotua?

Nilichokuwa sijui ni sauti. Kwenye simu husikii. Ukiwa pale unasikia chuma kikikata barafu, mkwaruzo mrefu kama wembe kwenye ngozi kavu, kisha kimya mtu akiwa hewani, kisha mgoto wa kutua. Kiatu kina wembe mwembamba, milimita nne hivi, nao una kingo mbili. Mchezaji huegemea ukingo mmoja, ndani au nje, na hapo ndipo panapotoka zile pinde zote. Akiusimamisha wembe wima kabisa, haandiki upinde wowote. Nilikaa na jambo hilo moyoni kwa muda mrefu.

Kisha binti mmoja akaanguka. Aliruka vizuri, akatua vibaya, akapiga nyonga chini na kuteleza hadi karibu na ukuta. Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Kabla muziki haujamwacha mbali alikuwa amesimama, mkono mmoja umejaa vumbi jeupe la barafu. Na watu wakapiga makofi kuliko walivyokuwa wamepiga tangu mwanzo. Nami nilikuwa nimesimama, nikipaza sauti kwa Kiswahili katika mji ambao nadhani ni mimi na binti yangu tu tuliokielewa pale: Jikaze, mama! Jikaze!

Niliposikia sauti yangu mwenyewe, nikanyamaza.

Miaka mingi nyuma, binti yangu akiwa bado chuoni hapa nyumbani, alikwama katika mtihani wa mwaka wa pili. Alinipigia simu usiku. Alikuwa analia. Na mimi, mchungaji, niliyefundisha habari za baba aliyemwona mwanawe akiwa bado mbali, akamkimbilia, nilimuuliza swali moja tu. Nilimuuliza alama ngapi zilipungua. Sikumtukana, wala sikumfokea. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo nilijihesabu kuwa mtu mpole.

Lakini hapa nilikuwa nimesimama nikimshangilia msichana nisiyemjua jina, kwa moyo ambao wangu wa kumzaa hakuupata usiku ule. Kwake nilikuwa nimekalia kiti cha mwamuzi, na hata sikujua kwamba nimekikalia. Je, wewe, mpendwa, jioni watu wako wanapoingia mlangoni mmoja mmoja, mwenzi wako, watoto, ndugu anayechelewa siku zote, unawatazama ukiwa kwenye kiti gani? Usikimbilie kujibu. Mimi jibu langu lilichukua miaka, na lilinipata gizani, mbali na nyumbani.

Wakati wa mapumziko taa ziliwashwa, nikaona barafu ilivyochakaa. Ilikuwa imejaa mikwaruzo na mashimo madogo pale walipochomea ncha za viatu. Nikamwambia, "Mama, usiku ule wa mtihani nilikuuliza alama ngapi zilipungua. Nisamehe. Ningekuuliza kama umekula."

Alikaa kimya, akitazama barafu. Nilidhani amesahau.

"Zilikuwa nne, Baba," akasema.

Miaka yote hiyo, mpendwa. Nne.

Ndipo ikaingia mashine, kubwa kama trekta zetu ndogo, ikizunguka polepole. Binti yangu alinieleza inavyofanya kazi, nami nilifurahi kwamba bado ananieleza mambo. Alianza kuibuni mtu wa California aitwaye Frank Zamboni, akafanikiwa mwaka 1949. Kwanza ina kisu kinachokwangua uso wa barafu, kama mtu anayepiga haro kabla ya kupanda. Halafu huosha uchafu uliomo kwenye mikwaruzo. Mwisho kabisa, nyuma yake, kitambaa kipana hupaka maji ya moto. Yanakuwa ya moto ili yayeyushe kidogo ile barafu ya zamani, yashikane nayo, vigande pamoja. Nilikuwa nikidhani msamaha ni yale maji tu. Nilitaka yamiminwe upesi, turudi kucheza. Ile "nne" ilikuwa kisu kikipita, na ilibidi nikae nikisikilize mpaka kimalize. Aliendelea kunisimulia: alivyorudia mtihani, alivyoficha matokeo ya kwanza kwa mama yake, alivyokuwa akizima simu siku za Jumapili nilipokuwa nikipiga. Sikujitetea. Alipomaliza alinishika mkono, mkono wake ukiwa baridi.

Mashine ilipotoka barafu ilikuwa inang'aa kama kioo chenye maji. Mchezaji wa kwanza wa kipindi cha pili akaingia, na kabla hajafika katikati alikuwa ameshaichora mstari mrefu. Kwenye ukumbi huohuo mashine huingia tena na tena, kila siku ambayo watu wanacheza.

Yule binti aliyeanguka alirudi mwishoni pamoja na wenzake wote. Aliruka tena mruko uleule. Sitakuambia kama alitua vizuri.

Tulipotoka nje ilikuwa usiku, na ingawa kwetu Sugoi mahindi yalikuwa yameanza kuchipua, kule theluji ya Aprili ilikuwa imeyeyuka mchana ikaganda tena kwenye uwanja wa magari. Viatu vyangu vilikuwa vya ngozi, soli laini. Binti yangu aliingiza mkono wake chini ya kwapa langu, kama mamake alivyokuwa akimshika alipokuwa akijifunza kutembea.

"Kanyaga polepole, Baba," akasema. "Hatuna haraka."

Niliteleza mara mbili kabla hatujafika garini.