Kumtaja Ndugu Si Kumkana

Katika viongozi wote wa umma, diwani ndiye tunayemjua zaidi. Waziri tunamwona kwenye runinga, mbunge tunamwona akija jimboni, lakini diwani tunapanga naye foleni ya maji, tunasali naye, tunazika naye. Tunaijua nyumba aliyozaliwa na shemeji zake tunawajua. Tunajua duka ambalo mkewe anauza saruji na mabati, na shamba ambalo kaka yake alilinunua mwaka ule barabara ilipoanza kupimwa. Tulimchagua kwa sababu hiyohiyo: ni wa kwetu, na shida zetu anazijua kwa kuwa ni zake pia.

Ukaribu huo ndio nguvu ya udiwani, na ndio mtihani wake mkubwa. Waziri anaweza kumaliza mwaka mzima bila faili la ndugu yake kupita mezani kwake. Diwani hamalizi hata robo mwaka. Fungua kabrasha la kikao chochote cha halmashauri uone kilichomo: ugawaji wa vibanda vya soko jipya, mahali pa kujenga zahanati, viwanja vya mradi wa upimaji, ushuru wa mazao, taarifa ya mkandarasi wa barabara, vikundi vinavyoomba mkopo. Mahali ambapo watu wanaoana, wanakopeshana na kufanya biashara pamoja, karibu kila ukurasa utakuta jina la mtu ambaye mmoja wa wajumbe amekua naye.

Kwa hiyo siafikiani na wanaouzungumzia mgongano wa maslahi kama ugonjwa wa watu wabaya. Mtu mwema atakutana nao, tena mapema, kwa sababu mtu mwema ana watu wengi. Ana wapwa anaowasomesha, ana jirani aliyemuuguzia mama yake, ana rafiki aliyezunguka naye kata nzima wakati wa kampeni bila kudai hata nauli. Kuwa na watu si kosa. Maadili yanaanza kupimwa pale diwani anapojua kwamba jambo lililo mezani linamgusa yeye au mtu wake, na wenzake hawajui.

Sheria zetu zinaelewa hivyo. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya na ile ya mamlaka za miji, zinamtaka mjumbe mwenye maslahi ya kifedha katika jambo linalojadiliwa, yawe yake mwenyewe au yanayompitia mtu mwingine, ayaseme mapema kikaoni, kisha asichangie wala kupiga kura juu ya jambo hilo. Nayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamweka diwani kwenye orodha moja na mawaziri na wabunge. Ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kisha kila mwisho wa mwaka, na tena anapoondoka, anatakiwa kupeleka kwa Kamishna wa Maadili tamko la mali na madeni, yake, ya mwenzi wake na ya watoto wake wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa.

Ili kuona uzito wa tamko hilo, tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilichagua njia ya kukataza. Masharti ya uongozi yalimzuia kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Madiwani walihesabiwa miongoni mwa viongozi hao, na sharti lilimbana mtu pamoja na mwenzi wake. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikiwa imekutana Zanzibar, ililegeza masharti. Kiongozi akaruhusiwa hisa, nyumba na biashara. Miaka minne baadaye ikaja sheria ya maadili.

Ukiiangalia safari hiyo kwa ujumla wake, utaona kwamba zamani tulimwambia kiongozi asiwe nacho, na sasa tunamwambia aseme alicho nacho. Ulinzi wote uliokuwa kwenye katazo umehamia kwenye kinywa chake. Akinyamaza, tumebaki bila ulinzi wa zamani na bila ulinzi wa sasa. Ndiyo maana siwezi kulichukulia tamko la maslahi kama karatasi nyingine ya kujaza Desemba. Ni malipo ya uhuru ambao viongozi wetu walipewa.

Fomu ya mwisho wa mwaka ina kazi yake. Inawapa wahakiki cha kulinganisha: mwaka jana ulikuwa na nyumba moja, mwaka huu tatu, zimetoka wapi? Lakini fomu hiyo inakwenda Sekretarieti ya Maadili, na mwananchi anayetaka kuiona hukutana na utaratibu na masharti. Mama anayeuza mboga kwenye soko ambalo vibanda vyake vinagawiwa leo hataisoma, na hata angeisoma, isingemwambia kwamba aliyepewa kibanda cha mlangoni ni mpwa wa mjumbe wa kamati. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2011, diwani hupewa siku 28 kuandikisha maslahi yake ya kifedha pamoja na ya mwenzi wake, daftari linawekwa kwenye tovuti ya halmashauri kila mtu alione, na anayeshindwa kuyataja bila sababu ya msingi anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai. Sisi pia tunaweza kufika huko. Wakati tunasubiri, tunayo nafasi iliyo wazi tayari: kikao cha baraza chenyewe, ambacho mwananchi ana haki ya kuingia, kukaa na kusikiliza.

Niliwahi kukaa kwenye viti vya wananchi katika kikao cha namna hiyo. Ilipofika taarifa ya ujenzi wa madarasa, diwani mmoja alisimama akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mkandarasi wa kazi hii amemwoa mdogo wangu. Naomba nitoke mpaka jambo hili liishe." Akachukua miwani yake na kabrasha lake, akatoka. Mzee aliyekaa jirani nami alitikisa kichwa, akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu kamtupa shemeji yake."

Nilimwelewa yule mzee, na nimelifikiria neno lake kwa muda mrefu. Alilelewa, kama nilivyolelewa mimi, kwamba mcheza kwao hutunzwa na kwamba damu ni nzito kuliko maji. Kwake yeye, mtu mwenye cheo anayetoka nje wakati jambo la ndugu yake linaamuliwa amekimbia wajibu. Lakini fuatilia kilichotokea baada ya mlango kufungwa. Kazi ya shemeji ilijadiliwa kwa uhuru. Ilisifiwa palipostahili, ikakosolewa kwa ukuta wa darasa moja uliokuwa na ufa, na baraza likataka ufa huo uzibwe kabla kazi haijapokelewa. Mkandarasi akabaki na jina safi. Hakuna atakayesema sokoni kwamba alipita kwa mgongo wa mkewe. Kama diwani yule angenyamaza akabaki kitini, hata bila kufungua kinywa, kila tofali la madarasa yale lingekuwa na maneno. Kwa macho yangu hakumtupa shemeji yake. Alimkinga.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa nguvu zangu zote. Sheria haimtaki diwani awakane ndugu zake. Inamtaka awataje. Wazee wetu walikuwa na adabu ya jambo hili kabla ya sheria kuandikwa: penye shughuli, anayegawa nyama hugawa mbele za watu, na fungu lake hulichukua mwisho. Hakuna aliyemlazimisha kusema hapendi nyama. Alichotakiwa ni mkono wake kuonekana.

Mahali ambapo adabu hiyo inatuuma zaidi ikikosekana ni kwenye mikopo ya asilimia 10. Kila halmashauri hutenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, na mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo, ikairejesha mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Utaratibu mpya ni mzuri. Hata hivyo, hakuna utaratibu utakaoweza kufuta ukweli kwamba vikundi huzaliwa kwenye kata, na kwamba mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata ni diwani.

Chukua kata ambayo vikundi sita vimeomba na fedha zinatosha vitatu. Kimoja kinaongozwa na mke wa diwani. Huenda kweli ndicho kilicho bora: wanawake wachapakazi, vitabu vya hesabu vimekaa sawa, mradi wa kusindika alizeti unaoeleweka. Diwani akinyamaza, kikundi hicho kikipata mkopo kitaubeba pamoja na fununu. Akina mama watarejesha kila shilingi na bado wataitwa watu wa diwani. Upande wa pili wa kata kuna kikundi cha mafundi viatu wenye ulemavu kilichokosa. Pengine kilikosa kwa haki, kwa kuwa andiko lao lilikuwa na mapungufu. Lakini watakachoambiana jioni ni kwamba mkopo una wenyewe, na mwakani hawataomba. Mkaguzi anaweza kuhesabu fedha zilizopotea. Hawezi kuwahesabu watu waliokata tamaa ya kuomba haki yao, na kwangu hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi.

Kuna wanaosema diwani hana la kuficha kwa sababu haketi kwenye bodi ya zabuni, kwamba hilo ni la Mkurugenzi na wataalamu wake. Ni kweli haketi. Lakini ndiye anayepitisha bajeti, anayepokea taarifa za utekelezaji, anayekagua miradi na kamati yake, na neno lake kwa mkuu wa idara lina uzito hata likisemwa kwenye korido. Kwa sababu hiyo kutamka maslahi kusiishie ukumbini. Mambo mengi hukamilika kwenye kikao cha madiwani wa chama, siku moja kabla ya baraza. Diwani aliyeshawishi wenzake jana kwenye kikao cha chama, kisha leo akatoka nje kwa heshima, ameutoa mwili wake tu. Neno lake limebaki ndani likipiga kura. Anayetaka kuwa mkweli ataje maslahi yake kila mahali jambo linapozungumzwa, hata kwenye simu.

Na sisi tuliowachagua tujitazame. Diwani hana mshahara, ana posho. Juu ya posho hiyo tumempangia mchango wa harusi, sanda ya msiba, ada ya mtoto wa jirani, jezi za timu ya vijana na ng'ombe wa sikukuu. Asipotoa tunasema amejisahau. Akitoa hatuulizi amepata wapi. Halafu mpwa wake anapopewa kibanda tunakuwa wa kwanza kulalamika, ilhali mwezi uliotangulia tulikwenda nyumbani kwake usiku kumwomba amfikirie mtoto wetu. Ombi kama lile ndilo linalomfundisha diwani kwamba cheo ni cha kuwapa wake. Tukitaka kiongozi anayesema kweli, tupunguze kumpelekea mambo yasiyoweza kusemwa mchana.

Yanayohitajika ni machache, na mengi hayahitaji bajeti. Kila kikao cha kamati na cha baraza kianze kwa mwenyekiti kuuliza kwa sauti nani ana maslahi katika jambo lolote lililo kwenye kabrasha, na jibu liandikwe kwenye muhtasari kwa jina na kwa jambo. Muhtasari huo ubandikwe kwenye ofisi ya kata, panapobandikwa matangazo ya chanjo na mikutano. Kamati ya Maendeleo ya Kata ifanye vivyo hivyo kabla ya kugusa maombi ya mikopo. Diwani mpya afundishwe hili mwezi wa kwanza, kabla hajazoea kiti. Na anayetamka apongezwe na wenzake, kwa kuwa mahali ambapo msema kweli huchekwa, wa pili hatasimama.

Mheshimiwa diwani, kata yako inawajua ndugu zako wote. Inajua kaka yako ana lori la mchanga na shemeji yako ni fundi. Unaponyamaza kikaoni hujaficha kitu, umewaacha watu wajaze ukimya wako kwa dhana zao, na dhana huwa mbaya kuliko kweli. Mficha uchi hazai. Simama, mtaje ndugu yako kwa jina, toka nje, na waache wenzako waamue. Ukirudi kitini utawakuta wakikuamini zaidi, na imani hiyo ndiyo mali pekee ya udiwani ambayo wapiga kura wako hawatakuonea wivu.