Msimu Haurudishwi

Mama mmoja muuza dagaa wa hapa Buzuruga, Mwanza, alinifuata pembeni mwa uwanja akiwa na kadi ya kliniki ya mwanawe. Tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kuzaliwa ilikuwa imeongezewa wino mweusi juu ya ule wa bluu, moja ikageuka nne. 2011 imekuwa 2014.

“Kocha, nisaidie. Watu wa akademi wanataka wadogo. Mungu anaujua moyo wangu.”

Sikumkemea. Kijana wake anajua mpira, nyumbani hali ni ngumu, na yeye haombi kuiba. Anachouliza, kwa kweli, ni swali la dini: uongo unaomtoa mtoto kwenye dhiki ni dhambi?

Wengi wetu tunaofundisha watoto tumeshajijibu kwamba si dhambi kubwa. Tunabanwa na wazazi, na wafadhili wanaotaka kombe. Ndiyo maana vijeba, wachezaji waliozidi umri, hawaishi. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana, Serengeti Boys, iliondolewa kwenye fainali za Afrika za vijana nchini Gambia kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Mwaka 2017 tukaenda Gabon kwenye fainali hizohizo baada ya Kongo-Brazzaville kuenguliwa kwa utata wa umri wa mchezaji wake, nasi tukashangilia. Marekani nako, kwenye besiboli ya watoto, Danny Almonte wa Bronx aliwika mwaka 2001 akidaiwa kuwa na miaka 12. Alikuwa na 14. Ushindi wa timu ukafutwa, baba yake na kiongozi wa timu wakafungiwa maisha.

Lakini adhabu ndiyo sehemu nyepesi. Anayeniumiza mimi ni mtoto wa miaka 12 aliyekaa benchi, viatu vimefungwa kamba vizuri, akimtazama kaka mwenye ndevu akicheza nafasi yake. Huyo hakuulizwa. Moyo wa mama Mungu anaujua, sawa, ila deni si la Mungu peke yake. Waislamu wanafundishwa kwamba haki ya mja haifutiki kwa toba tu mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe. Wakristo tunaye Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne. Zakayo alikuwa na fedha za kurudisha. Msimu wa mtoto wa miaka 12 nitaurudisha kwa kitu gani, naye mwakani ni mkubwa?

Na kijeba naye tunamdhulumu. Anazoea kuwashinda wadogo kwa kifua, hajifunzi pasi wala kujipanga, halafu siku anayokutana na wa rika lake anakuwa mchezaji wa kawaida mwenye tarehe mbili za kuzaliwa.

Yule kijana nimempeleka kwa kocha wa timu ya wakubwa, kwa umri wake halisi. Makocha wenzangu wa Ilemela na Nyamagana, mkiletewa kadi ya wino wa rangi mbili, msiipokee. Mtafutieni mwenye kadi timu ya rika lake, na yule wa benchi mpeni jezi.